Tathmini ya wodi ya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), kutoka kwa mtu anayepanga zamu

Nianze na alama ili mwenye haraka asipoteze muda: wodi naipa nyota tano, hospitali yenyewe naipa tatu. Mama yangu alilazwa humo kwa nimonia kali, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, akatoka akiwa hai. Nyota sizitoi kwa sababu alipona. Kwa wagonjwa mahututi wapo wanaohudumiwa vizuri wakafariki, na wapo wanaopona licha ya huduma mbovu, kwa hiyo anayepima wodi kwa mgonjwa wake mmoja anapima bahati tu. Nimepima kitu ninachokijua. Kazi yangu ni kupanga zamu za madereva wa mabasi, na nimeifanya kiasi kwamba nikiingia mahali popote pa kazi macho hutafuta ratiba ukutani kabla hayajatafuta kiti.

Ratiba ya wodi hii imebandikwa kwenye korido, kushoto kwa mlango wa kioo, juu ya sinki la kunawia mikono. Niliisoma yote nikisubiri kuitwa. Sehemu nyingi za kazi jina la mkubwa utalikuta asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na majina ya vijana wapya ndiyo yamejaa usiku, wikiendi na sikukuu. Hapa jina la sista mkuu, yule anayesimamia wodi nzima, lilikuwa kwenye usiku wa Jumamosi, na tena kwenye sikukuu iliyokuwa inakuja. Nikadhani kuna mtu ameugua na yeye anaziba pengo. Muuguzi kijana aliyekuwa ananawa mikono akanisahihisha: "Hapana kaka, anajipanga mwenyewe. Anasema hawezi kutupangia usiku ambao yeye haujui."

Jina lake silitaji. Hakuniomba nimwandike, na kwa nilivyomwona angenikasirikia.

Kwa ambaye hajawahi kuingia ICU, ajue kwamba kinachotolewa pale hasa ni macho ya muuguzi. Kanuni inayotajwa kila mahali ni muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja, au kwa wawili wakizidi. Mashine ya kupumulia inasukuma hewa, lakini haiwezi kuvuta makohozi yaliyoziba mpira unaopitisha hewa hiyo kooni. Monita inapiga kengele mchana kutwa, mara nyingi bure, kwa kuwa mgonjwa amesogeza kidole chenye kipimo cha oksijeni, na lazima pawe na mtu wa kuamua ipi ya kuzima na ipi ya kukimbilia. Baadaye nilisoma kisa kilichonifurahisha mno. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na mlipuko wa polio, na waliopooza misuli ya kupumulia walikuwa wengi kuliko mashine zilizokuwepo. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe koo, kisha hewa isukumwe kwa mfuko unaominywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakawa wanapokezana kuminya mifuko hiyo, usiku na mchana, kwa miezi. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua wodi ambayo wengi wanaihesabu kuwa ICU ya kwanza. Maana yake wodi hizi zilianza na ratiba ya zamu, mashine zikafuata. Niliwasimulia madereva wangu; hakuna aliyeonyesha kushangaa.

Turudi kwa sista mkuu. Jambo la kwanza nililoliona ni mapumziko. Muuguzi akitoka kupumzika, mgonjwa wake anabaki na nani? Kawaida jirani "anamwangalizia", yaani mtu mwenye wagonjwa wawili sasa ana watatu. Hapa sista mkuu anakuja mwenyewe kushika nafasi. Haji kusimama miguuni pa kitanda mikono ikiwa mfukoni. Anasoma ile karatasi kubwa ya vipimo, anauliza maswali mawili matatu, halafu anafuata kila mpira kwa kidole, kuanzia kwenye chupa, kupitia kwenye pampu, mpaka unapoingia mwilini. Akimaliza ndipo anasema, "Haya, nenda. Na usirudi kabla ya wakati." Katika dakika hizo anafanya kazi ya kitanda kile kama ya kwake. Mdomo wa mama ukiwa mkavu anausafisha. Akikuta kichwa cha kitanda kimeteremka anakipandisha. Ni yeye aliyenieleza kwamba mgonjwa wa mashine hulazwa kichwa kikiwa juu kwa nyuzi 30 hadi 45 ili vya tumboni visipande na kushukia mapafuni. Sikumwona akiacha kitu huku akisema mwenye zamu atakuja kukifanya.

Mtu anaweza kusema hiyo si kazi ya meneja. Mimi pia niliwaza hivyo mwanzoni, maana msimamizi anayependa sana kushika usukani mara nyingi anakimbia makaratasi. Ila makaratasi yake yalikuwa yanaenda. Niliona akiyafanya jioni, kwenye kimeza karibu na kitanda cha mwisho, mlango wa ofisi yake ukiwa umefungwa na ndani yake muuguzi mmoja akiwa amelala kidogo kabla ya safari ndefu ya kurudi kwake. Ofisi ya bosi ndiyo ilikuwa chumba chao cha kupumzikia. Hilo halikuandikwa popote, na nina hakika utawala haulijui.

Kisha likatokea la kidonda. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi hawezi kujigeuza, kwa hiyo hugeuzwa, kwa desturi kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inaanza kufa. Asubuhi moja sista mkuu alinifuata kwenye benchi kabla muda wa kuona wagonjwa haujafika. "Kaka, njoo nikuonyeshe kitu kabla hujakiona mwenyewe." Chini ya mgongo wa mama palikuwa na alama nyeusi kuliko ngozi ya pembeni, yenye joto, ambayo haikufifia alipoibonyeza kwa kidole. Akanieleza kwamba ndivyo kidonda cha kitandani kinavyoanza, kwamba ngozi bado haijapasuka, na watamlaza vipi kuanzia sasa. Halafu akasema: "Usiku mama aligeuzwa kwa kuchelewa. Muuguzi wake alikuwa na wagonjwa watatu. Aliyempangia watatu ni mimi."

Kwenye kazi yetu basi likipata ajali jina la kwanza kutajwa ni la dereva. Aliyempangia dereva huyo safari ya tatu mfululizo yuko ofisini, na jina lake huwa halifiki kwenye ripoti. Nimekaa kwenye vikao vingi vya namna hiyo. Sijawahi kumsikia msimamizi akitaja jina lake kabla hajaulizwa, tena kwa ndugu wa aliyeumia, ambaye angeweza kwenda kushtaki. Yule muuguzi wa usiku hakutajwa kabisa mbele yangu. Mimi nilimjua kwa sababu ratiba naisoma, na jioni nilipomwona amerudi kazini, hana uso wa mtu aliyetukanwa. Alimgeuza mama kwa wakati, akaandika, akanionyesha alichoandika bila mimi kuuliza. Ile alama ilifutika kabla mama hajatoka wodini.

Kuna siku nyingine madaktari walitaka kumwekea mama mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Nikatolewa nje, ila mlango haukufungika vizuri. Nikasikia sauti ya muuguzi mdogo kuliko wote, yule wa sinki: "Daktari, tusimame kidogo. Shuka halijafunika mwili wote." Kimya. Kisha daktari, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Wewe ndiye wa kunifundisha?" Kabla kijana hajajibu nikasikia viatu vya sista mkuu. "Daktari, shuka kubwa hili hapa. Nashika upande huu." Ikawa basi. Hapakuwa na hotuba. Kazi ikaendelea na shuka likiwa limefunika kila kitu.

Wasiojua wanaweza kuona ni ubishi wa shuka. Mpira ule unakaa karibu kabisa na moyo, na bakteria wanaopenya pale wanaingia moja kwa moja kwenye damu. Mwaka 2006 daktari Peter Pronovost na wenzake walichapisha matokeo ya mpango uliofanyika katika wodi za ICU zaidi ya 100 za jimbo la Michigan, Marekani. Hatua zenyewe zilikuwa chache na hazikuhitaji mashine mpya: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa mwili wote, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kukwepa mshipa wa pajani, kutoa mpira usiohitajika tena. Wauguzi walipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Kiwango cha kati cha maambukizi kikashuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kukaa na mpira hadi sifuri ndani ya miezi mitatu. Orodha kama hiyo naiona imebandikwa kila mahali, hata vyooni. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama nyuma ya kijana anapoitumia kwa mara ya kwanza mbele ya daktari aliyechoka. Wakati wa kupokezana zamu nilimsikia sista mkuu akimwambia mbele ya wenzake wote, "Leo ulisema tusimame kwa sauti inayosikika. Iwe hivyo hivyo." Akaendelea na mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Upokezanaji wenyewe unafanyika kando ya kitanda, si kwenye chumba cha nyuma, na ndugu mmoja anaruhusiwa kusimama na kusikiliza. Nilijifunza zaidi hapo kuliko kwa madaktari, ambao saa ya kuzungumza na familia walikuwa wanaijua wao peke yao. Hilo nalo limo kwenye nyota zilizokatwa.

Mama alipoanza kupunguziwa dawa za usingizi ndipo nilipoona ugumu wa kazi hii. Alikuwa anaona wadudu ukutani. Alitaka kung'oa mpira wa mdomoni. Njia rahisi ni kumfunga mikono kitandani au kumrudisha usingizini, na usiku wenye watu wachache nawaelewa wanaofanya hivyo. Sista mkuu aliuliza kama mama anavaa miwani. Anavaa, ilikuwa kwenye mkoba wangu. Akamvisha, akaomba na picha ya wajukuu ibandikwe mahali anapotazama, kisha akavunja utaratibu wa saa za kuona wagonjwa ili mtu wa familia akae na kumshika mkono. Niliambiwa na wauguzi kwamba saa hizo alizipigania kwa utawala kwa muda mrefu na bado hajaruhusiwa rasmi. Mlinzi wa mlangoni akilalamika, analalamikia kwake.

Kuna na daftari. Kila mgonjwa wa mashine ana daftari kando ya kitanda, na kila zamu muuguzi anaandika mistari michache kwa lugha ya kawaida, akimwandikia mgonjwa mwenyewe. Familia pia inaandika. Desturi hiyo ilianzia nchi za Skandinavia, kwa sababu wengi wanaotoka ICU hawakumbuki kilichotokea ila wanakumbuka jinamizi, na jinamizi hilo linawafuata nyumbani. Mama alikuwa na uhakika kwamba usiku mmoja alipakiwa kwenye lori akaibiwa. Daftari linasema usiku huo alisukumwa kwenda kupigwa picha ya kifua na kurudishwa. Kuna ukurasa wenye mwandiko wa sista mkuu: "Saa 9 usiku. Umefungua macho. Nimekwambia leo ni Jumapili, uko hospitali, mwanao yuko nje. Umenibana kidole." Mama anausoma ukurasa huo kuliko mingine yote.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alifariki. Sitasimulia mengi, ni msiba wa watu. Niliona tu kwamba sista mkuu na muuguzi wa kitanda kile walimwandaa marehemu pamoja, wawili, bila haraka, simu ya mezani ikilia. Alipoipokea nilisikia upande wake: "Hapana, kitanda hakijawa tayari. Na aliyekuwa akimhudumia hajawa tayari vilevile. Nitawapigia." Akakata.

Sasa nije kwenye nyota nilizoinyima hospitali, maana hapa ndipo sifa zinapokuwa na harufu. Pale mapokezi kuna bango kubwa lenye picha za wafanyakazi wanaosifiwa kwa "moyo wa kujitolea", na sista mkuu yumo. Juu ghorofani ratiba ya wodi yake ina mistari yenye neno "nafasi wazi" badala ya jina. Nikaiona mistari hiyo, nikalitazama lile bango tena, nikapata hasira ya kazi yangu. Utawala unaomsifu mtu kwa kujitoa huku nafasi za ajira hazijazwi unajaza pengo kwa mgongo wake, halafu unalipamba kwa fremu. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walionyesha, kwa wagonjwa wa upasuaji katika hospitali za Pennsylvania, kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufariki ndani ya siku 30. Hakuna moyo mwema unaofuta hesabu hiyo. Na dereva asiyepumzika, hata awe bora kiasi gani, mimi simpandishi kwenye basi.

Nilimuuliza yeye mwenyewe analala lini. Hakunijibu kwa maneno matamu. Alinipeleka kwenye ratiba akanionyesha siku zake mbili za mapumziko baada ya kila usiku, na jina la naibu anayeshika wodi. "Siku hizo simu nazima. Naibu akinitafuta, maana yake sikumfundisha." Nilizifuatilia siku hizo kwa makusudi, kama mkaguzi. Wauguzi walitoka kupumzika, naibu akashika vitanda, mipira ikafuatwa kwa kidole vilevile. Hapo ndipo nilipoipa wodi nyota ya tano.

Lakini kuna jambo ambalo hadi leo sijaliamulia. Jioni moja walipiga simu kutoka mapokezi ya dharura: kuna mgonjwa, na kitanda cha 6 kinaonekana kitupu. Akajibu, "Kitanda kipo, muuguzi hayupo. Kwa hiyo kitanda hakipo." Nikamshangilia kimoyomoyo, kwa kuwa mgonjwa wa ziada angeongezwa kwa muuguzi wa mama. Halafu nikakumbuka kwamba huko chini naye ni mama wa mtu. Sista mkuu alikabidhi wodi kwa naibu, akavaa gauni, akashuka kumhudumia mgonjwa yule hukohuko dharura hadi zamu ya usiku ilipoingia na muuguzi akapatikana. Zamu yake ilikuwa imekwisha saa nyingi. Alifanya sawa? Kwa mgonjwa, ndiyo. Kwa utawala, aliwafunza tena kwamba wakikosa kuajiri, yeye atashuka ngazi. Nilimwambia hivyo. Akasema anaandika kila tukio la namna hiyo kwa tarehe na saa, na kila mwezi linakwenda kwa mkurugenzi kwa maandishi. Sijui faili hilo limefika unene gani.

Mama alihamishiwa wodi ya kawaida saa 6 usiku. Sista mkuu hakuwa zamu. Kitanda kilitakiwa, agizo likatoka juu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2007 unashauri wagonjwa wasitolewe ICU kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi inapowezekana, na sababu unaiona ukifika: muuguzi mmoja, safu ya vitanda, taa zimezimwa, na mgonjwa ambaye juzi alikuwa akipumuliwa na mashine anakabidhiwa kwa dakika chache. Asubuhi sista mkuu alipanda kwenye wodi hiyo kabla hajaingia kwake. Akakaa na muuguzi wa pale wakapitia karatasi ya mama mstari kwa mstari, akaonyesha sehemu ya mgongo ya kuchunga, akaacha namba ya simu ya ICU. Akaniambia nami niandike malalamiko rasmi kuhusu uhamisho ule, "usiandike kwa hisani yetu, andika ulichokiona." Nimeandika. Sijajibiwa.

Kwa anayempeleka mtu wake huko: beba miwani na kifaa cha kusikilizia kama anatumia, na picha ya sura anazozipenda. Ulizia daftari usiku wa kwanza. Zamu hupokezana saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Omba kusimama miguuni pa kitanda usikilize, na uulize bila aibu muuguzi ana wagonjwa wangapi leo. Ukiona kasoro mwambie sista mkuu kabla hujamwambia mlinzi. Benchi za nje ni za chuma na hazina mgongo. Soketi inayochaji simu ni ile ya nyuma ya mashine ya maji, ukisukuma plagi mpaka mwisho.